Onja Kwanza, Kelvin

"Kunywa basi, uji unapoa," Kelvin alisema, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa friji.

Elinaja alikiinua kikombe. Alikuwa ametoka shifti ya kulea wazee, na mimba yake changa ilikuwa inakataa kila kitu isipokuwa uji wa ulezi. Kikombe kilipofika mdomoni, akasita.

"Hujaonja."

"Nini?"

"Hujaonja, Kelvin."

Wote wawili ni Wachaga wa Marangu. Kwao, anayekupa kinywaji hupiga funda la kwanza mwenyewe, uone hakuna ubaya ndani. London haikumwondolea Kelvin tabia hiyo. Hata juisi ya dukani hapa Peckham huionja kabla ya kumpa Elinaja, mpaka muuzaji akadhani ni mroho. Elinaja alimpendea hilo. Leo amemimina, amempa, amesogea pembeni.

"Nimeshiba, mpenzi."

"Funda moja tu."

"Tumbo linanisumbua."

"Umeshiba au unaumwa? Chagua."

Generosa, mama mdogo wa Elinaja na mwenye nyumba, alizima televisheni. Yeye ndiye aliyemsikia Kelvin, kupitia ukuta, akimbembeleza Elinaja aitoe ile mimba. Elinaja alikataa. Kelvin akanuna, akapotea, kisha leo akarudi mpole na chupa ya uji mkononi.

"Kelvin, baba," Generosa alisema taratibu, "mkwe gani huyu anauogopa uji wake mwenyewe?"

"Mama, mambo ya uchawi tuliyaacha nyumbani."

"Uchawi umeutaja wewe. Mimi nasema onja."

Kelvin aliikimbilia chupa aimwage kwenye sinki. Elinaja akaiwahi, akaikumbatia. Wakatazamana. Mapenzi yote yale yaliishia hapo jikoni, bila tusi. Kelvin akabeba koti lake, akaondoka.

"Nimwage?" Generosa aliuliza.

"Usiguse, mama. Huu ni ushahidi."

Elinaja alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akachukua simu, akamtega Kelvin kwa uongo.

*Baada ya wewe kuondoka niliona nimekuonea, nikanywa. Sasa tumbo linakata. Uliweka nini? Niambie nijue kama nakufa.*

Jibu lilikuja haraka.

*Usiogope mpenzi. Ni dawa ya kutoa mimba tu, haikuui. Usiende hospitali, watauliza maswali. Lala, itapita.*

Generosa aliusoma ujumbe mara mbili.

"Ati *tu*," akasema. "Mjukuu wangu ni *tu*."

"Vaa viatu, mama. Twende polisi."

Mpelelezi aliyewapokea aliitwa Komal. Alisubiri tafsiri ya ujumbe, akauliza polepole:

"Ulikubali kupewa dawa hiyo?"

"Nilikuwa sijui kama ipo."

"Basi ni jinai. Kumwekea mwanamke dawa ya kutoa mimba bila ridhaa yake, hata asipoinywa, mahakama za hapa zinaweza kumfunga mtu hata maisha."

"Naomba mkamkamate kazini kwake, Hayes. Ni msimamizi wa ghala, anapenda sana kuheshimiwa."

"Dada, sisi hatupangiwi."

Lakini walimkamatia kazini. Waliokuwa wakimwita bosi walisimama kando ya maboksi, wakamwona akipita na pingu.

Mama yake Kelvin alipiga simu kutoka Marangu.

"Mwanangu Elinaja, futa hiyo kesi. Tumeshakaa kikao cha ukoo. Yule Maureen tuliyemposea tutamwacha, Kelvin atakuoa wewe."

Elinaja alikaa chini.

"Mama, Maureen ni nani?"

"Kumbe Kelvin hakukwambia?"

"Asante, mama. Nilikuwa najiuliza kwa nini hakuitaka mimba. Kesi si yangu, ni ya serikali. Na ingekuwa yangu, ningemwongezea miaka."

Hakusubiri. Alimtafuta Maureen, akampata, akamtumia picha ya ule ujumbe. Harusi ikafa siku hiyo hiyo.

Mahakamani Kelvin alikiri kosa, maana uji ulikuwa umeshapimwa na dawa imekutwa. Alipohukumiwa kifungo aligeuka, akalitazama tumbo la Elinaja, kubwa sasa, ndani ya gauni jekundu alilolinunua makusudi kwa ajili ya siku ile. Elinaja hakukwepesha macho.

Miezi ikapita. Simu ikaita kutoka gerezani.

"Eli, nimesikia umejifungua."

"Ndiyo."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Nashukuru Mungu. Nimekosa, Eli. Nimekosa sana. Sikuombi unirudie. Niambie tu, ni wa kike au wa kiume? Umempa jina gani?"

Elinaja alimhamishia mtoto bega la pili, akampapasa mgongo.

"Jina analo, Kelvin. Wanalijua wale waliotaka azaliwe."

Akakata simu, akaizuia ile namba, akamrudisha mtoto kifuani, akaendelea kunyonyesha.