Kwa Nini ya Tano

Siku ya soko Nyamache haina nafasi ya mtu kusimama na kufikiri, lakini Mong'ina alisimama. Alivaa jinzi na raba nyeupe ambazo udongo mwekundu ulikuwa umeshazibatiza, na mkononi alishika kitita cha vikaratasi vya njano vyenye gundi. Alikuwa akiwauliza wakulima wa chai swali moja: lori la majani likichelewa, ninyi hufanya nini? Kila jibu aliliandika kwenye kikaratasi chake. Upepo ukaja, ukayachukua majibu yote, ukayamwaga juu ya ndizi za watu.

"Nani ameweka karatasi kwa ndizi yangu?" mama mmoja alifoka. "Ni uchawi ama ni askari wa kanjo?"

Kijana mrefu mwenye jaketi ya kijani ya kiwanda cha chai alikuwa ameshaanza kuviokota, na alivisoma bila haya.

"'Namlaani dereva.' 'Narudi kupika.' 'Naketi naomba.' Sasa dada, hii ni mashairi?"

"Ni kazi. Nipe."

"Hii ya kulaani ni yetu. Mimi ndio karani wa hiyo lori. Naitwa Ogeto."

"Basi wewe ndio shida yangu," Mong'ina alisema, akacheka kabla hajajizuia. Waliondoka sokoni kila mmoja na namba ya simu ya mwenzake.

Mong'ina aliongoza timu ya watu wanne katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Kisii mjini. Waliunda programu ya kumtumia mkulima ujumbe kumwambia lori litafika kwake saa ngapi. Kazi waliikata vipande vya wiki mbili mbili: wanatengeneza, wanamwonyesha mtu wa kiwanda, wanaambiwa makosa yao, wanarekebisha, wanaanza tena. Kila asubuhi saa tatu walisimama duara, marufuku kukaa, na kila mmoja alijibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia. Njia hiyo ilimfaa mtu asiyetulia kama Mong'ina. Ubaya ni kwamba hakujua kuiacha ofisini.

"Ogeto, wiki mbili za mapenzi yetu zimeisha," alimpigia simu. "Niambie, kati yetu nini kinaenda vizuri na nini kinaenda vibaya?"

"Kipenzi, niko juu ya lori."

"Jibu tu."

"Vizuri ni wewe. Vibaya ni kuulizwa."

"Hilo si jibu!"

"Haraka haraka haina baraka, mrembo. Ama mapenzi yetu pia iko na mtu wa kiwanda anangoja?"

Alicheka, akakata simu, kisha akazunguka meza mara tatu. Alimpenda mno, na kupenda bila kupima kulimtia wasiwasi.

Sabato moja alasiri walipanda mlima Nyanchwa. Ogeto alikuwa ametoka kanisani, suti nyeusi, tai imelegezwa. Mong'ina alivaa gauni la kitenge, lakini hata gauni halikumtuliza. Ujumbe wao ulikuwa unawadanganya wakulima kwa dakika ishirini, kila siku, na hakuna aliyejua sababu.

Ogeto alimshika mkono. "Nikuambie kitu? Lakini nakuambia kama mpenzi wangu, si kama mkubwa wa programu."

"Sema, wangu."

"Kituo cha kwanza kuna mama anaitwa Tryphosa. Ni mjane, amepita sabini. Shamba lake liko chini kabisa kwa bonde. Sheria ni dakika tano, lori inaenda. Mimi humsubiri. Kwa fomu naandika matope."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi. Kwani nani husoma fomu?"

Mong'ina alimbusu shavuni palepale, wanakwaya waliokuwa wakishuka kutoka kanisani wakitazama. "Siri yako iko salama," alisema, na aliamini anachosema.

Jumatano ikaja siku ya kumwonyesha Nyasani, ofisa wa kiwanda, kazi ya wiki mbili. Ujumbe ulikosea tena. Nyasani alivua miwani. "Mkishindwa, niambieni nitafute watu wa Nairobi."

"Tuulize kwa nini mara tano, kama kawaida," alisema Zaki, fundi wa timu, mtoto wa mjini ambaye hakuna kitu kilichomtisha.

Kwa nini wakulima wamekasirika? Ujumbe ni wa uongo. Kwa nini? Lori limechelewa. Kwa nini? Limekaa sana kituo cha kwanza. Kwa nini? Fomu inasema matope. Kila jibu lilibandikwa ukutani kwenye kikaratasi cha njano.

"Na kwa nini matope mwezi wa kwanza, na jua hii yote?" Zaki aliuliza.

Hiyo ilikuwa ya tano. Mong'ina mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba hapo mtu hafichi jibu, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Aliona kazi ya watu wanne inateleza, na mdomo ukamtangulia. "Ogeto humsubiri mama mmoja," alisema.

Sheria ya chumba kile ilikuwa kutafuta kosa, si mkosaji. Lakini Nyasani hakuwa mtu wa chumba kile. Alitoa kalamu akaandika jina.

Kesho yake Ogeto alishushwa kwenye lori, akapelekwa kiwandani kupanga kuni za boila ya kukaushia chai.

"Ulisema iko salama," alisema kwenye simu. Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo.

"Sikutaka uadhibiwe, mpenzi. Nilitaka tatizo lirekebishwe..."

"Nilikuambia nikiwa nimekushika mkono, wewe ukanibandika ukutani. Mimi si kikaratasi, Mong'ina."

Simu ikakatika. Alipiga mara kumi na moja. Siku nne alitembea toka ofisini hadi stendi na kurudi bila kujua anatafuta nini.

"Nini kinakuzuia?" Zaki alimuuliza asubuhi moja kwenye duara.

"Mimi mwenyewe."

"Dada, uliuliza kwa nini zote tano ukiwa ofisi. Hiyo mlima ya huyo mama umeshaipanda?"

Alikwenda siku hiyohiyo. Alichuma majani na Tryphosa mpaka vidole vikawa vyeusi, kisha akabeba kikapu kupanda mlima, simu ikihesabu dakika. Ishirini na tano, na mara mbili Tryphosa alisimama kutafuta pumzi. Walipofika juu, lori lilikuwa limebaki vumbi.

"Pole, magokoro," Mong'ina alisema, kama mtu anavyomwita nyanya yake.

"Siku hizi matope imeisha," Tryphosa alijibu, akiketi kando ya majani yake yaliyoanza kunyauka. "Yule kijana alikuwa ananiambia lori imekwama. Nilikuwa nashukuru Mungu kwa hiyo matope."

Kumbe hata yeye alikuwa amedanganywa, asije akajiona mzigo. Mong'ina aliinama akalia waziwazi, na Tryphosa, asiyejua sababu, akampa leso.

Alipomaliza kulia akauliza kwa nini moja mpya. Kwa nini kituo hiki ndicho cha kwanza? Hakuna mkulima kituoni aliyejua. Mwishowe mzee mmoja alikumbuka kwamba dereva wa zamani, aliyestaafu kitambo, alikuwa akilala jirani, hivyo alianzia hapo.

"Wiki mbili tu," alimwambia Nyasani. "Geuza njia, wa kwanza awe wa mwisho, yule mama apate muda wa kupanda mlima. Na Ogeto arudi juu ya lori, kwa sababu jina lake nililitaja mimi, na ni yeye anayemjua kila mkulima."

Nyasani alinung'unika, akakubali. Wiki mbili zilipoisha, ujumbe ulikosea kwa dakika tatu tu, na neno matope halikuwa kwenye fomu yoyote. Lakini kila Mong'ina alipomwandikia Ogeto, alijibiwa "Sawa", na neno hilo lilimnyima hamu ya kula.

Jumanne saa tatu, duara limeshasimama, mlango ukafunguliwa. Ogeto aliingia na jaketi yake ya kijani, viatu vimepigwa rangi. Zaki alimpisha.

"Jana," Ogeto alisema, akiangalia sakafu, "mama Tryphosa alinisubiri mimi. Aliketi kwa kikapu akaniuliza mbona nimechelewa dakika mbili."

Walicheka wote isipokuwa Mong'ina.

"Leo nimekuja kusema niliumia, na bado inauma kidogo. Lakini matope niliandika mimi. Ningekuwa nimesema ukweli, hiyo njia ingegeuzwa kitambo." Akainua macho. "Na nataka kutoa wazee kwetu Masimba niwatume kwenu Nyamira wakupose."

"Na nini kinakuzuia?" Zaki aliuliza, kwa mazoea tu.

"Sijui kama nikimwambia kitu kitabaki kwake."

Mong'ina hakuuliza kwa nini. Alikwenda kwenye meza, akavuta kiti, kitu ambacho hakikuwahi kuingia ndani ya duara lile, akakiweka mbele ya Ogeto.

"Kitabaki," alisema. "Waambie wazee waje. Na wewe keti, Ogeto. Haya mengine hatuyasemi tukiwa tumesimama."