Buibui Lililoanuliwa Jumapili

Jumanne, tarehe 12 Novemba, mwaka 1991, saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Margaret, mkuu wa kituo kimoja cha masomo ya posta huko Likoni, alifungua kabati la chuma ofisini mwake akalikuta tupu. Gunia la turubai lililofungwa kwa lakiri nyekundu halikuwamo. Ndani ya gunia hilo mlikuwa na majibu ya mtihani wa mwisho wa shahada, uliofanywa Jumamosi iliyopita na wanamaji pamoja na watu wa familia zao.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mawe, karibu na nyumba za familia za wanamaji. Chuo kikuu cha ng'ambo kiliwaletea wanafunzi masomo kwa posta na kwa kaseti, hivi kwamba baharia aliweza kusoma akiwa melini, na mkewe akaweza kumsikiliza profesa huku akichambua mchele. Wengi wao walikuwa wamevumilia hivyo kwa miaka minne. Gunia lilitakiwa kusafirishwa Jumatano jioni. Likikosekana, miaka hiyo minne ingekuwa mashakani.

Inspekta Fondo Kalama aliwasili saa tatu. Aliukagua mlango, akaukuta mzima. Kufuli nalo halikuwa na mkwaruzo.

"Aliyeingia alikuwa na ufunguo," alisema. "Uko kwa nani?"

"Mmoja ni huu wangu," alijibu Bi Margaret. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye miwani, na alisimama nyuma ya meza yake kama aliye mbele ya darasa. "Wa pili nilimwazima mwanafunzi wangu, Mwanarehema, ili aje kusikiliza kaseti. Hajaurudisha."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Huning'inia nyuma ya mlango. Wanafunzi wote wanajua."

Upepo ulipuliza kutoka dirishani. Karatasi za mezani hazikupeperuka, kwa maana zilikuwa zimeshikiliwa na chetezo cha udongo. Inspekta alikitazama, akaona jivu ndani yake.

"Zawadi ya wanafunzi wakati wa Idi," Bi Margaret alieleza. "Watu wa hapa wanapenda sana kufukiza udi."

"Gunia lisipopatikana itakuwaje?"

"Kanuni za chuo ziko wazi. Ikiwa ni wizi wa mtu wa nje, mtihani utarudiwa mwakani. Ikiwa mwanafunzi ndiye mkosaji, hufutwa yeye peke yake, na wengine hupewa alama za mazoezi yao ya miaka yote." Alivua miwani akaifuta. "Sipendi kumsema mtu, Inspekta. Lakini Mwanarehema alitoka katika chumba cha mtihani akilia."

Mlinzi wa kituo, Mzee Boga, alikuwa ameketi kwenye benchi langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kama umekuja kunifunga, ningoje nimalize kahawa."

"Nimekuja kukuuliza tu. Jana jioni nani aliingia hapa?"

"Mwanamke mmoja, karibu na magharibi. Kajitanda buibui, uso kaufunika. Nikamtolea salamu, akanipungia mkono akapita. Kutoka sikumwona, nilikuwa nikitawadha."

"Ulimtambua?"

Mzee alicheka. "Haya macho yangu yaliniaga zamani, yakhe. Pua tu ndiyo bado iko kazini. Nakwambia, kapita hapa ananukia udi, wallahi, kama bibi harusi! Nikasema mashallah, leo kituo chetu kina harusi."

"Bi Margaret anamshuku Mwanarehema."

Kicheko cha mzee kilikatika. Aliweka kikombe chini. "Mwanarehema? Mjane wa Babu, yule mwanamaji? Hata," alisema. "Hata." Akainuka, akaenda kusuuza kikombe chake.

Kabla ya adhuhuri, inspekta alikwisha kumpata mshukiwa mwingine. Sajini Dishon, mwanamaji mwenye sauti nzito, alikuwa amegombana na Bi Margaret wiki iliyotangulia, akidai mtihani uahirishwe kwa sababu kaseti zake zilichelewa kumfikia melini. Watu walimsikia akisema kwamba mtihani huo hautafika ng'ambo.

"Nilisema," Dishon alikiri, akiwa amesimama wima. "Mtu akikasirika husema. Lakini jana kuanzia saa tisa hadi saa tatu usiku nilikuwa zamu melini. Muulize kapteni. Na buibui, Inspekta, hebu nitazame! Buibui gani litanienea mimi?"

Koplo mmoja aliyekuwa karibu alishindwa kujizuia, akacheka. Inspekta naye alitabasamu, kisha akauliza, "Jumamosi chumbani mlikuwa akina nani?"

"Sisi wanafunzi, afisa wa elimu wa kambi aliyetusimamia, na Bi Margaret. Yeye alikaa nyuma kabisa. Afisa alimpa karatasi naye, nikadhani anaandika ripoti. Aliandika kidogo, akatafuna kalamu muda wote uliobaki. Nikasema moyoni, ripoti hiyo ni ngumu kuliko mtihani wetu."

Inspekta aliyashika maneno hayo. Kapteni alithibitisha zamu ya Dishon, naye akaachiliwa.

Saa nane mchana, askari walilipata buibui. Lilikuwa limesokomezwa katika kichaka, kati ya kituo na nyumba za familia. Lilinukia udi hata kwa mbali, na pindo lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani. Inspekta alilifunga katika gazeti akaenda nalo kwa Mwanarehema.

Mlango ulifunguliwa na Mwanasaumu, wifi yake.

"Karibu, bwana inspekta. Lakini utaniwia radhi. Ndugu yangu Babu alitutoka mwezi wa Septemba, na mkewe yumo edani. Utazungumza naye nyuma ya pazia, nami nitakaa hapa hapa kati yenu."

"Bila shaka, dada. Poleni sana."

Aliketi mbele ya pazia la maua. Nyumba ya jirani walikuwa wakifukiza udi, na moshi wake ukaanza kuingia. Mwanasaumu aliinuka upesi akafunga dirisha. "Harufu hii humu ndani haitufai kwa sasa," alinong'ona. Toka hapo chumba kilinukia sabuni ya kufulia tu.

"Mama," inspekta alianza, "jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nimetoka mara moja tu, Jumamosi mchana, kwenda kwenye mtihani pamoja na wifi. Tulimwomba imamu ruhusa kwanza, naye akasema hiyo ni haja."

"Kwa nini ulitoka ukilia?"

"Swali la tatu lilikuwa somo ambalo marehemu alinisomea mwenyewe siku kaseti ilipokatika. Nilipoliona nikaisikia sauti yake. Nililijibu lote, kisha nikalia. Mtihani haukunishinda, bwana."

"Ufunguo wa kituo?"

"Nilimrudishia mwalimu Margaret siku ile ile ya mtihani, mkononi mwake."

"Yeye anakataa."

"Basi mmoja wetu anasema uongo," ilijibu sauti, taratibu, "na mimi ndiye nisiyeweza hata kwenda kujitetea. Kambi imeniruhusu kukaa nyumba hii mpaka eda iishe. Kuna shule kule Shika Adabu inayoningoja Januari, ikiwa nitapata shahada. Nina watoto wawili. Nikifutwa, nitawapeleka wapi?"

Inspekta alifungua gazeti, akampa Mwanasaumu lile buibui.

"Ni lake," Mwanasaumu alisema, akigusa pindo. "Uzi huu niliutia mimi. Lilifuliwa Jumapili asubuhi, likaanikwa nyuma. Kufika alasiri halipo. Tulidhani limepeperushwa." Alilisogeza karibu na pua, mara akalisukuma mbali kana kwamba limemchoma. Akafungua kinywa ili aseme. Inspekta alimwashiria anyamaze.

"Jumapili hiyo mlipata mgeni?"

"Bi Margaret pekee. Alileta sukari ya kutupa pole, akapitia mlango wa nyuma wakati wa kuondoka."

Inspekta Fondo alirudi kituo cha polisi akaongea na chuo kwa simu. Baada ya simu hiyo aliomba wahusika wote wakutane kwa Mwanarehema saa kumi na moja. Walikuja Bi Margaret, Sajini Dishon na Mzee Boga. Mwanasaumu aliketi karibu na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na yule ambaye habari hii ilimhusu kuliko wote.

Inspekta alilitandaza buibui juu ya mkeka.

"Mzee Boga, mwanamke wa jana alinukia nini?"

Mzee aliinama. "Udi. Huu huu."

"Bi Margaret, wewe mwanafunzi wako unamfahamu. Hili ni buibui lake?"

"Ni lake," alijibu Bi Margaret kwa huzuni. "Inaniuma kusema. Uzi wa kijani naujua. Hata harufu ni yake."

"Una hakika na harufu?"

"Hakika kabisa. Jumamosi alipopita karibu nami katika mtihani, alinukia hivi hivi."

Mzee Boga aliinua uso. Mwanasaumu alijifunika mdomo kwa leso. Bi Margaret aliwatazama mmoja mmoja, asijue amesema nini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu, mimi ni mjane. Tangu alipokufa mume wangu sijatia udi, sijatia asmini, wala wanja, wala hina. Mwanamke aliye edani hajitii manukato hata tone, mpaka siku zake zitimie. Hilo hata mtoto wa mtaa huu analijua. Sasa mimi Jumamosi ningenukiaje?"

"Buibui hili lilitoka kufuliwa," alisema Inspekta Fondo. "Lilianuliwa kambani likiwa linanukia sabuni. Aliyelichukua alitaka kila mtu aamini ni Mwanarehema, akakumbuka kwamba wanawake wa hapa hupenda udi. Akalifukiza. Hakujua kwamba mwanamke mmoja tu mtaa mzima haruhusiwi kunukia. Bi Margaret, chetezo chako cha mezani kina jivu jipya. Na chuo kimeniambia kwamba miongoni mwa watahiniwa wa Jumamosi ulikuwamo wewe."

"Ripoti!" alisema Dishon kwa sauti. "Kumbe naye alikuwa akifanya mtihani!"

Bi Margaret aliketi mkekani taratibu.

"Miaka sita mnaniita msomi mwenye shahada," alisema. "Sina. Sikuwahi kuwa nayo. Nilisema uongo siku ya kwanza ili nipate kazi, halafu nikashindwa kuurudisha. Nilijiandikisha kimya kimya ili uongo ule uwe kweli. Jumamosi nikaacha kurasa tupu. Mazoezi yangu niliyasahihisha mwenyewe, yana alama nzuri. Gunia likipotea kwa mkono wa mwanafunzi, alama hizo zingeniokoa."

"Na mimi?" aliuliza Mwanarehema.

"Nilijua huwezi kutoka kwenda kujitetea."

Mwanasaumu aliguna kwa uchungu. "Ukaja kutuletea sukari!"

"Gunia liko wapi?" aliuliza inspekta.

"Kwangu, chini ya sanduku la kaseti mbovu. Nilikusudia kulichoma. Nikawasha kiberiti mara kadhaa." Machozi yalimtoka. "Nimewafundisha mimi. Nilishindwa kuyachoma maandishi yenu."

Koplo alitumwa, akarudi nalo kabla ya magharibi. Lakiri nyekundu ilikuwa nzima, haijaguswa. Gunia lilisafiri Jumatano jioni kama ilivyopangwa, likisindikizwa na Sajini Dishon mwenyewe hadi feri. Bi Margaret alipelekwa kituo cha polisi. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya pazia akaomba msamaha. Mwanarehema alimjibu, "Nitakusamehe, mwalimu, lakini si leo."

Eda iliisha mwezi wa Januari. Siku hiyo Mwanasaumu alimvika wifi yake leso mpya, akaleta chetezo chenye makaa na udi. Matokeo yalikuwa yamefika juma lililotangulia: Mwanarehema alifaulu. Asubuhi iliyofuata alikwenda Shika Adabu kuanza kazi. Alipopita langoni mwa kituo, Mzee Boga alivuta pumzi, akainuka kwenye benchi lake.

"Sasa huyu," alisema, "ndiye Mwanarehema."

Wewe uliyeifikisha habari hii hadi hapa, usiifungie kabatini. Yupo jirani yako ambaye hajui kusoma, au mama aliyekaa ndani akidhani elimu haiwezi kumfuata mpaka jikoni. Keti naye, umsomee yote kwa sauti, kisha mwambie naye amsimulie mwenzake.