Kabati Lililovuliwa Ngozi

Jumanne hiyo Ambrose Tuffley, fundi samani wa mji wa Ludlow, Uingereza, aliamka na raha zake. Alikunywa chai, akambusu bintiye Dulcie, akashuka karakanani kulisugua kabati kuukuu la mahogani: juu rafu za vitabu zenye milango ya vioo, chini meza ya kuandikia ya kukunjua. Mwenyewe mpya alitaka ling'ae kama motokaa.

Mzee Jowett, muuza samani kuukuu aliyelileta, alikunja uso. "Weusi huo uache, Ambrose. Lilikuwa la hakimu, likawa la kasisi, likaishia kwa Bi Thirza. Wote walilipaka nta kwa viganja vitupu mpaka kufa kwao. Hiyo si rangi. Ni wao."

"Mzee wangu, sasa unaota mchana," Ambrose alicheka, akamimina spiriti ya kuyeyusha nta. Ubishi wake ndio uliomponza.

Weusi ukatoka wote. Mbao zikabaki na weupe wa mgonjwa. Saa ya chai ya jioni, mkewe Enid akaita kutoka juu.

Dulcie alikuwa amelala sakafuni. Hana homa, hana jeraha. Ila viganja vyake vilikuwa laini, mistari yote imefutika, na ulaini ule ulikuwa ukipanda mikononi. Pumzi zilikuwa zikipungua. Daktari aliyeitwa mbio aliushika mkono ule, akauachia upesi.

"Umefanya nini huko chini?" Enid alinong'ona, macho kwenye mikono ya mumewe iliyojaa weusi wa kabati. "Karudishe, baba Dulcie. Chochote ulichotoa, karudishe."

Ambrose alishuka mbio. Akapaka nta. Mbao zikainywa. Akapaka tena. Zikainywa. Kopo likaisha. Mwanawe alikuwa anakufa, na aliyemuua ni yeye. Akatupa kitambaa. Akaweka viganja vitupu juu ya ubao wa meza.

Mbao zikapata joto. Kitu kikamshika vidole, kutoka ndani.

"Haya, chukueni," alinong'ona. "Ila mtoto mwacheni."

Juu, Dulcie alivuta pumzi ndefu, akaomba mkate. Enid alilia kwa furaha, akateremka kumwita mumewe. Mlango wa karakana ulikuwa na komeo kwa ndani. Akamkimbilia Jowett, naye akaja akauvunja.

Hapakuwa na mtu. Kabati lilikuwa limeiva wekundu, zuri kuliko zamani. Kwenye ubao wa meza, chini ya nta, palikuwa na alama ya kiganja kipana.

Enid akaweka kiganja chake juu ya alama hiyo. Ubao ukambana vidole kidogo, kama Ambrose alivyozoea kumbana wakiwa kanisani, kisha ukamwachia.