Kata ya Kwanza

Adamu ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu Munira, kwa hiyo msidhani haya nimeyaokota kijiweni.

Kwao, huko milimani Kondoa, mto ni mchanga mtupu. Wanawake huchimba kisima korongoni, na kila asubuhi kata ya kwanza ya maji hurudishwa mchangani ndipo watu wateke. Mle chini kuna mwenyewe, na mwenyewe hutangulia kunywa. Hilo mtoto wa kule analijua kabla hajaijua alifu.

Ikaja kampuni kuyavuta maji hayo kwa bomba hadi Dodoma mjini. Adamu akaajiriwa kulinda pampu. Siku ya kuiwasha, asubuhi kweupe, akamkuta mama yake mdogo, Rukia, amekaa ukingoni mwa kisima, miguu kaiteremsha ndani.

"Shikamoo, mama mdogo. Inuka, tafadhali."

"Marahaba. Siinuki. Wakiyachukua haya, sisi tutakunywa nini, mwanangu?"

Fomeni wa kampuni, Joel, akamwambia Adamu, "Mtoe, au kazi huna." Basi shemeji yangu, Mungu amsamehe, akainua nondo akampiga mama yake mdogo kichwani. Mara mbili! Damu ikachuruzika kisimani, na asubuhi hiyo kata ya kwanza ilikuwa haijarudishwa.

Rukia akaitazama damu ikizama. Akanong'ona, "Umemwonjesha." Akakata roho palepale.

Watu wa kampuni wakasema aliteleza. Akazikwa, pampu ikawashwa. Ikanguruma tu, tone halikutoka. Adamu akaingiza mkono wa kulia bombani kuzibua. Kitu kikamshika. Kikang'ata. Alipouchomoa, vidole viwili havipo, na maji yakaruka, safi, matamu.

Kesho yake pampu ikagoma tena. Joel akacheka, eti ushirikina, akaingiza mkono wake. Ukavutwa hadi begani. Wakasikia mfupa. Ka! Maji yakatoka. Joel hakufika hospitali.

Adamu akakimbilia Chang'ombe, Dodoma mjini, kwenye chumba walichopanga na Munira. Masikini, akasahau kwamba bomba nalo lilikuwa linakuja hukohuko.

Asubuhi Munira akafungua bomba la uani. Hewa tupu. Shuuu. Adamu akatoka mlangoni mbio.

"Lifunge," akanong'ona. "Munira, lifunge!"

Halikufungika. Munira akageuka kuita majirani. Nyuma yake likatoka yowe moja, fupi. Ka! Kisha akasikia maji yanapiga ndoo.

Adamu hayupo. Geti limefungwa kwa ndani. Munira akalifungua, majirani wakaingia, wakakinga ndoo zao, wakanywa. Wangefanyaje, na wiki nzima maji hakuna?

Munira akamwaga ya kwake. Ndani ya ndoo, chini kabisa, kulikuwa na mchanga wa korongoni, mbichi, una alama ya kiganja. Aliogopa kukaa na ndoo hiyo, akaniletea. Iko uvunguni mwa kitanda changu. Mchanga haujakauka mpaka leo, na alama ile ya mkono wa kulia haijafutika. Ina vidole vyote vitano. Mkono wa kulia wa Adamu ulikuwa umebaki na vitatu.