Pembe ya Mbawakawa

Kila jioni, baada ya supu ya maharage, Nevena alimsaidia mama yake kazi. Mama Rumyana alikuwa mtaalamu wa mbawakawa wa samadi, wale wadudu wanaochimba kinyesi cha kondoo huku kwetu milima ya Rodopi. Nevena aliwafuta vumbi wale waliokaushwa kwa brashi, naye mama akawatazama kwa hadubini. Tangu Stoicho, baba yake Nevena, afariki, nyumba ile ilikuwa kimya mno. Kazi hiyo ndiyo iliyowafanya wazungumze.

Jioni moja mama aliruka kitini. "Nevena, njoo uone! Pembe imejipinda kwenda nyuma! Hii ni aina mpya, mwanangu, haijaandikwa popote. Nitaipa jina la baba yako!"

Nevena alitazama, akaitambua pembe ile. Wiki moja kabla, alimwangusha mbawakawa huyohuyo, pembe ikavunjika na kupotea. Kwa hofu aling'oa pembe ya mbawakawa mwingine, akaibandika kwa gundi, ikaelekea nyuma. Mdogo wake, Asen, alimwona.

"Nyamaza tu," Asen alimnong'oneza jioni ile. "Ukisema, umekwisha!"

"Na jina la baba je?"

"Si ndiyo vizuri? Baba ataandikwa vitabuni. Wewe vipi?"

Kesho yake mwaka ulikuwa unatimia tangu msiba. Usiku huo mama alichemsha ngano ya kugawa makaburini kwa kumkumbuka marehemu, akawaahidi ndugu habari njema, maana huko alipanga kuwatangazia habari ya mbawakawa. Alikuwa akiimba jikoni. Mwaka mzima hakuwa ameimba, maskini, na wimbo ule ulimchoma Nevena kuliko fimbo.

Asubuhi, mama alipokuwa akijifunga kitambaa cheusi, Nevena alishindwa kuvumilia.

"Mama, ile pembe si yake. Niliibandika mimi. Nisamehe."

Mama alimtia mdudu kwenye maji ya vuguvugu, wakasubiri. Gundi ikalainika, pembe ikabanduka. Mama akamchunguza tena mdudu, kisha akamrudisha kwenye sanduku la mbawakawa wa kawaida, wanaojulikana siku nyingi. Akaketi, akalia. Nevena naye akalia.

"Umeniumiza sana," mama alisema hatimaye. "Kuvunja ilikuwa ajali, hata mimi huvunja. Lakini kubandika ulikuwa uongo. Watu wangesoma maandishi yangu, wakamtafuta mdudu huyu milimani miaka na miaka, na hayupo! Ukikosea, niambie siku hiyohiyo."

Walikwenda makaburini mvua ikinyesha. Shangazi akauliza, "Haya wifi, iko wapi ile habari njema uliyotuahidi?"

Nevena aliinamisha kichwa. Mama akamshika bega.

"Nilidhani nimepata mdudu wa kumpa jina la Stoicho, kumbe sikumpata," alijibu. "Binti yake ameniambia ukweli asubuhi hii, huku akijua nitalia. Stoicho mwenyewe hangekubali jina lake libandikwe kwa gundi."