Mgongo wa Mzee Ambilikile

Mvua ya Tukuyu ilishika soko zima. Agness alikimbilia chini ya turubai la muuza parachichi, kompyuta ameikumbatia ndani ya koti la njano, akamkanyaga mtu mguu.

"Samahani, kaka!"

"Pole wewe mwenye ndala. Mimi nina buti."

Jotham alikuwa fundi bomba wa Suma, ovaroli la bluu, kicheko cha taratibu. Agness, mhandisi kutoka Singida, alikuja kukokotoa presha ya maji ya mradi wa huko huko Suma. Wiki haikuisha, wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Mhandisi wangu, umekula?"

"Kompyuta ndiyo inanila mimi. Nina maungio mia nne ya mabomba, na presha ya kila moja inategemea ya jirani zake. Nakisia zote, napima kosa, nachagua mwelekeo, napiga hatua. Mwelekeo mpya hauharibu kazi ya ule wa nyuma. Inaitwa gradienti konjugeti."

"Jina zuri. Tumpe binti yetu."

"Jotham! Hatua mia nne zingetosha. Nimepiga mia tisa, jibu halijatulia."

"Si umelichanganya bomba kuu na vibomba vya uani? Kila kimoja kipime kwa ukubwa wake kwanza, mpenzi."

Kabla ya kuanza upya, Agness aliugawanya kila mlinganyo kwa namba ya ukubwa wa ungio lake lenyewe. Hatua thelathini na moja tu, jibu likatulia kama ukungu juu ya mashamba ya chai.

"Imefika!" alipiga kelele kwenye simu.

"Basi Jumapili twende nyumbani kwetu."

Jumapili alivaa kitenge cha zambarau. Walikuwa wakipita kati ya migomba, Jotham akamvuta ghafla.

"Baba huyo! Toka njiani, geuka, asikuone!"

Akiwa kwenye tope hadi magotini, Agness aliibia jicho na kuona mgongo tu: sweta la kahawia, limechanika begani.

"Kumbe unanionea haya," alisema, akashika njia.

Siku nne hakupokea simu. Barua ya kazini ya kumhamishia Dodoma ilimtaka ajibu ifikapo Ijumaa, na Ijumaa ndiyo maji yalifunguliwa Suma. Alikwenda nayo mkobani, imekwisha kujazwa, imebaki kutiwa sahihi tu.

Jotham alimkuta kwenye bomba la kijiji.

"Agness wangu, wazee wetu huku, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso. Ungekuwa wa kupita tu, ningekuacha umsalimie."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Mimi Mnyaturu, nitajuaje? Nilikupima kwa kipimo cha kwetu."

"Basi anza upya. Nikuoe?"

Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji meupe. Nyuma ya migomba, mtu aliyewapa mgongo aliuliza, "Mkwe wangu bado yupo?"

Jotham alimtazama Agness. Agness aliikunja barua mara nne, akaitikia kwa kichwa.

"Yupo, baba."

"Mwambie ndaga fijo, asante sana. Maji yamefika."

Mzee Ambilikile alifariki masika yaliyofuata, hawajaonana uso. Pale msibani wanawake walimpa Agness sweta la kahawia alifue. Alilijua kwa mkono: bega lile alikuwa amelishona mara mbili, likiletwa na Jotham, likirudi na Jotham.