Maji ya Kipimo Hayarudishwi Chupani

Kila asubuhi mtaani Kabiro, Kawangware, foleni ya mitungi huanza kabla Seline hajafungua kioski chake cha maji. Maji ya bomba huingia kwenye tangi, naye Seline huyatia klorini kabla ya kuyauza. Ukutani kuna mashine iliyoletwa na mradi wa maji. Mashine hujichotea maji yenyewe kutoka kwenye tangi na kuonyesha nambari ya klorini. Nambari ikishuka chini ya 0.5, Seline huongeza dawa. Isiposhuka, haongezi.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 mvua ilikataa kuisha. Mitaro ilifurika, na vyoo vikafurika pamoja nayo.

"Mama Imma, maji yako siku hizi ni matamu," alisema Mourine, jirani wa ploti moja. "Harufu ya dawa imeisha."

"Mashine inasema dawa iko. 0.6."

"Basi mashine ina mafua."

Wanawake wakacheka. Seline hakucheka. Alitazama nambari tena.

Jioni hiyo binti yake, Immaculate, alianza kuhara. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani. Baba yake, Okeyo, alimbeba hadi kliniki. Nesi aliwapa dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa.

"Watoto wa Mourine pia wanahara," Okeyo alimwambia mkewe. "Sisi sote tunakunywa maji ya kwako."

"Lakini mashine inasema ni mazuri."

"Sijataja mashine. Nimetaja watoto."

Seline alifunga kioski, akamwita Wambua, mpimaji wa maji wa mradi. Wambua alitia maji ya tangi katika kichupa cha kioo, akaweka kidonge. Maji yakageuka rangi ya waridi, lakini hafifu sana.

"Klorini ikiwa nyingi, rangi hukolea," alieleza. "Hii ni 0.2. Haitoshi kuua vijidudu."

"Mbona mashine inasema 0.6?"

"Mashine nayo hutia dawa ya rangi. Kisha humulika taa upande mmoja, na jicho lake upande wa pili hupima mwanga uliopita. Lakini haijui nambari mpaka ifundishwe. Ndiyo maana kila wiki unaionyesha maji yasiyo na klorini, iyaite sifuri. Halafu unaionyesha maji ya kipimo, ambayo kiwandani yalihakikishwa kuwa 1.0. Hebu fanya nione."

Seline alisuuza kikombe kidogo kwa maji ya bomba. Alichukua chupa ya maji ya kipimo dirishani, akamimina, akatumbukiza mrija. Mashine ilinyonya kidogo. Yaliyobaki akayarudisha chupani taratibu, asimwage hata tone.

"Hapo," Wambua alisema.

"Hapo wapi?"

"Umeyarudisha."

"Sasa ningemwaga dawa nzima hivi?" Nyumbani kwake uji uliobaki hurudi sufuriani, na mboga za sukuma wiki humwagiliwa maji ya kuoshea mchele.

"Kikombe kilikuwa na maji uliyosuuzia. Kila wiki umekuwa ukiyaongeza chupani. Jua la dirishani nalo limepunguza nguvu. Chupa imeandikwa 1.0, lakini klorini iliyomo haifiki hata nusu ya hiyo. Unaijua gorogoro iliyobonyezwa chini?"

"Ya kuwaibia watu mahindi."

"Pima gunia kwa hiyo. Utahesabu gorogoro nyingi, na mahindi ni yale yale. Mashine imekuwa ikihesabu klorini namna hiyo."

Seline aliketi juu ya mtungi. "Basi ni mimi niliyemwumiza mtoto."

"Hilo sijui. Maabara itapima maji. Ninachojua ni kwamba dawa haitoshi."

Wambua alifungua chupa mpya. Alisuuza kikombe kwa maji ya kipimo yenyewe, akayamwaga, ndipo akamimina mengine. Yaliyobaki nayo akayamwaga. Alifunga kifuniko na kuiweka chupa kabatini, mbali na jua. Mashine iliyofundishwa upya ilipopima tangi, ilionyesha 0.2.

Seline hakungoja maabara. Alikwenda mlango kwa mlango akiwaambia watu wachemshe maji yote ya kunywa, na akaeleza sababu. Kwa Mourine alieleza akiwa amesimama mlangoni.

"Ungenyamaza nisingejua," Mourine alisema. Alibandika sufuria ya maji jikoni.

Majibu ya maabara yalionyesha vijidudu vya kinyesi. Tangi lilimwagwa maji, likasuguliwa, likatiwa klorini ya kutosha. Kufikia wakati huo Imma alikuwa akiomba ugali, na watoto wa Mourine walikuwa wamerudi shuleni.

Siku ya kufungua, foleni ilifika barabarani. Seline aliifundisha mashine, akamwaga yaliyobaki kikombeni mbele ya watu wote.

"Fungua, mama, tunachelewa kazi," mtu aliita.

"Bado."

Mashine ilionyesha 0.5. Seline alichukua kichupa alichoachiwa na Wambua, akaweka kidonge, akalinganisha rangi. Ilikuwa 0.5.

Ndipo akafungua mfereji.